Uzio wa Lango la Pili

Kosa la Kisyeri lilikuwa kusema ukweli wote kwa mpigo mmoja.

Baba yake mkubwa, mzee Nyangwine, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya zizi, anachonga fimbo kwa kisu, na swali alilouliza lilikuwa jepesi tu. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, Kisyeri kafaulu, nafasi ya kusomea udaktari Mwanza kapata. "Haya mura, kijana wangu, huko Mwanza unakwenda kusomea nini hasa?" Mtu mwenye akili zake angejibu "udaktari", akanyamaza, akala ugali wake, akafungasha. Lakini Kisyeri tangu amalize shule alikuwa kama mtungi wa gesi ulioachwa wazi, anasubiri kiberiti tu. Akasema:

"Baba mkubwa, nataka nisomee vile vitu vinavyozunguka nyuzi za fahamu. Zile za kwenye ubongo na uti wa mgongo."

Kisu kikasimama. "Vinavyozunguka?"

"Ndiyo."

"Siyo nyuzi zenyewe?"

"Vinavyozunguka. Kuna ute fulani hivi, mwepesi, una majina matamu balaa. Brevikani! Versikani! Tenaskini!"

"Hao ni malaika au timu ya mpira?"

"Ni ute, baba mkubwa."

Mzee akaweka fimbo chini polepole, kama mtu anayeweka yai. "Yaani ng'ombe yupo, humtaki. Zizi lipo, hulitaki. Wewe unakwenda Mwanza kusomea uzio."

"Ni kama uzio, eeh, lakini sasa huo uzio..."

"Robi!" mzee akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Robi we! Toka nje usikie! Mtoto wa mdogo wangu anakwenda chuo kusomea uzio!"

Robi, binti wa mzee, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta. Nestory, kaka yake Robi, aliyekuwa kivulini kwenye kiti chake cha magurudumu anasikiliza redio, naye akacheka, lakini yeye alicheka huku anamtazama Kisyeri kwa jicho la kutaka aendelee.

Sasa ujue hapo mambo yalivyokuwa. Baba yake Kisyeri alishafariki, na tangu hapo ng'ombe wote na maneno yote ya ukoo yalikuwa mkononi kwa Nyangwine. Akisema nenda, unakwenda. Akisema kaa, hata basi likikusubiri mlangoni halina faida. Na huko Machochwe, kule karibu na hifadhi, kulikuwa na kundi la ng'ombe wa familia linalochungwa kwa ndugu yao Nchagwa, na mchungaji wake alikuwa ametoroka kwenda kuchimba dhahabu. Nchagwa alikuwa anapiga simu kila jua likitua, analia mtu, mtu, nileteeni mtu.

"Basi," mzee akasema, anajifuta machozi ya kicheko. "Kama ni uzio, Machochwe uzio upo. Jumatatu utakwenda kuusomea huko huko. Fisi watakusahihishia mtihani."

Kicheko kikaisha kwa Kisyeri. Maana aliijua sauti ile. Mzee akitania huwa anaongea haraka. Hiyo aliisema taratibu.

Na kulikuwa na jambo lingine hapo ambalo hakuna aliyelitaja. Nestory alikuwa dereva wa bodaboda, kijana wa kutisha barabarani, mpaka siku pikipiki ilipoteleza kwenye tope njia ya Nyamwaga ikamtupa mgongo chini. Madaktari walimwambia mzee kwamba uti wa mgongo umeumia, basi, mpelekeni nyumbani. Tangu siku hiyo mzee Nyangwine akikutana na mtu wa koti jeupe hata salamu anaitoa nusu.

"Baba mkubwa," Kisyeri akasema, "ngoja nikuonyeshe. Usiponielewa, Jumatatu nakwenda Machochwe bila kulalamika. Niache tu nitumie ng'ombe."

Hilo neno ng'ombe ndilo lililomfanya mzee ageuke.

Kisyeri akachuchumaa akachora chini kwa kijiti. Uzi wa fahamu, akasema, ni kama waya mrefu. Karibu wote umeviringishiwa mafuta, mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu alivyojifunga shuka tatu asubuhi ya baridi. Lakini kila baada ya kipande pana upenyo mdogo usio na mafuta, na kwenye upenyo huo pana malango. Nje ya lango kuna chumvi imesimama inasubiri. Habari ikifika, lango linafunguka, chumvi inaingia mbio, na ule mshtuko wa kuingia ndio unaofungua lango la mbele. Kwa hiyo habari haitembei mguu kwa mguu. Inaruka! Lango, lango, lango! Ndiyo maana ukikanyaga mwiba unaruka kabla hujajua umeruka.

"Na uzio?" Nestory akauliza kutoka kivulini.

"Ule ute sasa, kaka! Umekaa pale pale nje ya lango. Una sukari ndefu ndefu zinazoivuta chumvi, zinaishika karibu isitawanyike. Chumvi ikizagaa huko, lango likifunguka nani ataingia? Habari inachelewa, au inafia njiani."

Mzee akakuna kidevu. Akatazama mteremko wake. Familia ilikuwa na mazizi matatu kwenye mteremko huo huo: la chini kabisa kwa mama yake Kisyeri, la katikati kwa bibi Mokami, mama mzazi wa mzee, la juu hapo kwa mzee mwenyewe. Kila zizi lina lango la miti, na mbele ya kila lango pana uwanja uliozungushiwa minyaa, ambapo ng'ombe wakirudi machungani wanasimama kusubiri kufunguliwa.

"Mazizi matatu," Kisyeri akanong'ona, macho yanamtoka. "Malango matatu. Ng'ombe ndio chumvi. Ng'ombe wa kwanza akishaingia zizi la chini, napiga debe. La katikati wanasikia, wanafungua, wakiingia wanapiga debe. La juu vivyo hivyo. Habari inaruka kutoka chini mpaka kwenye kigoda chako."

"Mimi nitafika kabla," Robi akasema.

Wote wakamgeukia. Robi huyu ndiye aliyekuwa akikimbia kwenye mashindano ya shule mpaka waamuzi wanadhani kaanza kabla ya filimbi. Alikuwa amesimama na mwiko wake, kiuno kimepinda upande, anatafuna mahindi ya kuchoma kwa dharau.

"Dada Robi, huwezi kuipita neva."

"Neva yako ina kwato. Mimi nina miguu. Tuanze wote pale chini, wewe na ng'ombe zako, mimi na njia yangu. Tuone nani wa kwanza kumfikia tata, baba yangu."

Mzee Nyangwine akajipiga paja kwa furaha. Hicho ndicho kitu alichokipenda, shindano. "Nimekubali! Habari yako ikimpita Robi, mura, nenda Mwanza, mimi mwenyewe nitakupeleka stendi. Robi akitangulia, Jumatatu Machochwe. Nimesema."

"Robi," Kisyeri akamnong'oneza baadaye kando ya jiko, "dada yangu, si utapunguza kidogo? Hata pale kwenye kijito, ujifanye umeteleza?"

"Niteleze mimi?" Robi akamtazama kama amemtukana mama. "Nitakukumbuka ukiwa Machochwe. Nitakutumia maandazi."

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi alasiri, ng'ombe wanarudi. Kisyeri alikuwa ameshindwa hata kula mchana. Alipanga kila kitu. Ndani ya kila zizi, kwenye hori, iwekwe chumvi ya ng'ombe ili wakifunguliwa waingie kwa hamu. Juu atakuwa Nestory, ambaye alifungiwa kamba kwenye mti wa lango, akivuta tu lango linafunguka. Chini atakuwa Kisyeri. Katikati kwa bibi, sasa, hapo ndipo alipomweka Salvatori.

Salvatori alikuwa mgeni wa kutoka Muleba, kaja kutafuta dhahabu, kapanga chumba kwa mama yake Kisyeri. Mtu mwema, mcheshi, shimoni anashuka bila woga wowote, lakini alikuwa anamwogopa ng'ombe kama mtu anavyoogopa treni.

"Kazi yako ndogo, kaka Salva," Kisyeri akamweleza. "Umwage chumvi kwenye hori. Usikie debe. Uvute miti. Wakiingia upige debe. Wewe ni lango la pili."

"Mimi ni lango la pili," Salvatori akarudia. "Na wakinigeukia?"

"Hawakugeukii. Vaa hii." Akamvalisha koti lake jeupe la maabara alilotoka nalo shuleni, lenye doa la dawa mfukoni. "Sayansi, kaka! Ng'ombe wenyewe watakuheshimu."

Bibi Mokami hakuambiwa. Bibi huwa hataki ng'ombe wake wachezewe, na angesema hapana, na hapana ya bibi hata mzee Nyangwine haivuki. Tena macho yake yalikuwa na ukungu, na muda huo huwa anakaa mbele ya nyumba anapukuchua maharage. Kisyeri akasema moyoni, mchezo utakwisha bibi hajainua kichwa.

Basi bwana. Juu kule mzee kwenye kigoda akapunga kofia. Chini huku Robi akavua ndala, akakaza khanga juu ya suruali ya michezo, akainama. Kisyeri akashika miti ya lango.

"Tayari?"

"Machochwe kuna baridi," Robi akasema. "Beba sweta."

Kisyeri akavuta miti. Robi akachomoka kama jiwe la kombeo. Ng'ombe wa mama, wamebanana ndani ya uwanja wa minyaa hawana pa kwenda, wakaingia lango kwa mkupuo mmoja, mikia juu, kuelekea horini. Kisyeri akapiga debe kwa nguvu zake zote, akapiga na mguu, karibu apige na kichwa. Robi alikuwa hajafika hata kwenye migomba! "Inaruka!" Kisyeri akapiga kelele peke yake. "Jamani inaruka!"

Katikati kule, Salvatori akalisikia debe.

Lakini Salvatori alikuwa na mambo mawili ambayo hakumwambia mtu. La kwanza, chumvi hakuimwaga. Ili uifikie hori ilikuwa lazima upite katikati ya ng'ombe, na katikati ya ng'ombe alisimama dume la bibi linaloitwa Waziri, lenye pembe kama mishikio ya baiskeli. Kwa hiyo mfuko wa chumvi ulikuwa bado begani kwake. La pili, kwenye uzio wa minyaa wa bibi, kona ya chini, alikuwa amefyeka tundu kubwa la kupitia kila asubuhi, ili asizunguke njia ya barabarani kwenda machimboni. Akaliziba na tawi la mwiba, juujuu, kwa aibu. Na wakati huo, kwa kuwa alitaka kuwa mbali na Waziri, alikuwa amesimama pale pale mgongo umegusa tundu.

Akavuta miti kwa kamba aliyoifunga mwenyewe, akiwa mbali hivyo hivyo. Lango likafunguka vizuri kabisa. Hakuna ng'ombe aliyelitazama. Waziri alinusa. Akageuza kichwa. Kundi zima likageuza vichwa. Chumvi haikuwa horini, ilikuwa begani kwa mtu wa koti jeupe.

"Ingieni," Salvatori akawaambia kwa unyenyekevu. "Lango lile pale."

Waziri akapiga hatua. Salvatori akarudi nyuma, tawi la mwiba likaanguka, akajikuta ameshatokea upande wa pili wa uzio. Akakimbia. Na ng'ombe wote wa bibi Mokami wakapita tundu lile lile mmoja baada ya mwingine, wakamfuata mbio kwenye shamba la mahindi, mfuko unavuja chumvi nyuma yake kama njia iliyochorwa.

Bibi akainua kichwa.

Fikiria alichokiona, kwa ukungu ule. Mtu asiyemjua, koti linapepea, mfuko begani, anateremka mbio, na nyuma yake ng'ombe wake wote wanakwenda kwa hiari yao. Hapa kwetu mtoto wa chekechea anajua maana yake. Wezi wa zamani ndivyo walivyokuwa wakitorosha mifugo, mmoja anatangulia na chumvi.

Bibi Mokami akasimama, maharage yakamwagika, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Kama hujawahi kusikia yowe la bibi wa Kikurya aliyeibiwa ng'ombe, sijui nikuelezeje. Lilipita juu ya mahindi, juu ya mabati, likagonga mlima. Kabla halijaisha, nyumba ya ng'ambo ikalipokea. Ile ya kilimani ikalipokea kutoka ile. Lilikuwa halipiti mashambani, lilikuwa linaruka, boma hadi boma, na kila boma likilipata linalitupa mbele likiwa jipya. Kisyeri akasimama pale chini na debe mkononi, mdomo wazi, nywele zimesisimka. Kitu cha kwanza alichofikiri kilikuwa, jamani, neva. Cha pili kilikuwa, jamani, Salvatori!

Akatupa debe akakimbia.

Kila njia ilishakuwa na wanaume. Wenye pinde, wenye marungu, mmoja na jembe, mmoja katoka kuoga na povu masikioni. Mbele yao alikuwa mzee Simoni, kiongozi wa ulinzi wa kitongoji, upinde mkononi na gambuti mguu mmoja tu, mwingine peku. Kwetu yowe likilia huulizi, unatoka. Ukikaa ndani, kesho ukoo mzima utakuuliza ulikuwa wapi.

Walimkuta Salvatori juu ya mparachichi. Chini ya mti ng'ombe wametulia tuli, wanalamba chumvi iliyomwagika, na Waziri anamlamba Salvatori soli ya kiatu kwa upendo.

"Shuka!" mzee Simoni akafoka, mshale umeshawekwa.

"Mimi siyo mwizi!"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni lango la pili!"

Wanaume wakatazamana.

"Nini?"

"Lango! La pili!" Salvatori alikuwa analia sasa, amekumbatia tawi. "La kwanza yuko chini! La tatu yuko kwa mzee! Mimi ni wa katikati tu, jamani!"

"Wako watatu!" mmoja akapiga kelele. "Zungukeni upande wa mto!"

"Tena ni daktari," bibi Mokami akasema, amefika na mkongojo wake, anahema. "Nimeliona koti. Sasa mpaka madaktari wanaiba ng'ombe!"

Kisyeri akapita katikati ya miguu ya watu akajitupa mbele ya mti, mikono juu. "Shikamoo mzee Simoni! Shikamooni wote! Msipige! Huyu ni mpangaji wetu! Ni mimi! Ni shindano! Ni sayansi! Bibi nisamehe!"

Alieleza. Alieleza vibaya, akaanzia mwisho, akaruka katikati, akataja brevikani, mwenye povu masikioni akauliza huyo brevikani amekimbilia wapi. Ilibidi aanze upya. Taratibu mishale ikashuka, mmoja akaanza kucheka, halafu wawili, halafu mlima mzima. Salvatori akashuka akiwa ameshikwa na watu watatu.

Halafu kicheko kikakatika, maana mzee Nyangwine alikuwa anateremka, na nyuma yake Robi anasukuma kiti cha Nestory, magurudumu yanaruka kwenye mawe.

Mzee alisalimia watu wote, mmoja mmoja, kwa heshima. Akaomba radhi. Akasema waliokuja hawataondoka na njaa, mbuzi wa Kisyeri atachinjwa, ndiyo desturi, ukiita watu bure unawalisha. Kisha akamgeukia Kisyeri.

"Robi alifika," akasema. "Ng'ombe wa lango la juu mpaka sasa wamesimama wanasubiri debe. Nilisema neno mbele ya watoto wangu. Jumatatu, Machochwe."

Kisyeri akahisi Mwanza yote inazama ziwani, na majengo yake na vitabu vyake. Akainamisha kichwa. Ahadi ni ahadi. "Sawa, baba mkubwa."

Mzee akaondoka, watu nyuma yake, akifuata nyayo za ng'ombe kwenye mahindi yaliyolala, mpaka akafika kwenye uzio wa mama yake. Akasimama. Mgongo wake ukakakamaa.

"Nani," akasema polepole, "amekata uzio wangu?"

Salvatori akatazama viatu vyake, na watu wote wakamtazama Salvatori.

"Nauliza, nani amekata minyaa? Hii minyaa ilipandwa na baba yangu! Mnajua uzio ni nini nyie? Unaweza kuwa na lango la chuma, unaweza kuwa na ng'ombe mia, uzio ukitoboka hapa," akaingiza mkono mzima tunduni, "hapa tu, huna kitu! Lango unamfungulia nani? Ng'ombe wako kwa jirani!"

"Tata," Nestory akamwita kutoka kwenye kiti.

"Nini?"

"Si ulisema uzio siyo kitu cha kusomea?"

Mzee akabaki na mkono tunduni. Watu wakamtazama. Yeye akatazama lango la katikati, liko wazi, zima, miti imevutwa sawasawa. Akatazama ng'ombe, wazima, wanalamba. Akatazama tundu. Midomo yake ikawa inatembea bila sauti, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Lango lilifunguka?" akamuuliza Salvatori.

"Lilifunguka, mzee. Mungu shahidi."

"Na ng'ombe walikuwepo."

"Walikuwepo mno."

"Kwa hiyo kilichoiua habari ni..." Hakumalizia. Akautoa mkono tunduni taratibu.

"Lakini neno ni neno, Nyangwine," mzee Simoni akasema, maana alikuwa mtu wa sheria hata na gambuti moja. "Umesema habari impite binti. Haikumpita."

Hapo Robi akakohoa.

Ilionekana wazi kwamba hataki kusema. Alivuta khanga, akatazama pembeni, akapiga jiwe teke. "Ilinipita," akasema.

"Nini?"

"Yowe la bibi. Nilikuwa ndiyo kwanza navuka kijito. Lilinipita kichwani. Likafika kule juu, likajibiwa, likarudi, bado niko kijitoni." Akamgeukia mzee. "Tata, nilipofika kwako, ulikuwa umekaa?"

Mzee akafikiri. "Nilikuwa nimesimama. Nilishavuta rungu."

"Basi habari ilishafika. Mimi nilikuja na jasho tu."

"Hilo ni yowe la bibi, siyo debe la Kisyeri," mwenye povu akapinga.

"Nani alilianzisha?" bibi Mokami akamkata. "Ningepiga yowe kwa maharage? Ng'ombe wametolewa na mjukuu wangu mjinga. Habari ni yake. Kama mbuzi analipa yeye kwa kosa, basi na ushindi ni wake. Huwezi kumpa mtu kwato ukamnyima nyama."

Wanaume wakanguruma kukubali, hasa kwa kusikia nyama. Mzee Simoni akafikiri, akaurudisha mshale kwenye podo, akasema kisheria yuko upande wa bibi.

Mzee Nyangwine akauacha uzio. Alimwendea Kisyeri, akamsimamia karibu, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa jibu. "Uzio wa mwanangu Nestory. Huko mgongoni. Nao umetoboka?"

Kisyeri angeweza kudanganya. Mdomo wake, kwa mara ya kwanza, ulisubiri kichwa.

"Hapana, baba mkubwa. Wa kwake ni kinyume. Nyuzi zikikatika, ule ute pale kwenye jeraha unaota mwingi, mgumu, kama minyaa iliyofunga njia. Uzi ukitaka kuota tena unakuta ukuta. Watu wanatafuta namna ya kuupunguza. Bado hawajaweza kwa binadamu. Sijui kama wataweza. Ndiyo nataka niwe hapo wanapotafuta."

Mzee akageuka kumtazama mwanawe. Nestory ndiye aliyeongea.

"Kumbe mgongoni nina kichaka," akasema. "Siku zote hizi nimekaa nadhani ni waya tu. Sasa wewe mura, ukienda kunifyekea, fyeka kwa adabu. Usije ukafyeka kama Salvatori, ng'ombe wangu wote wakaenda Kenya."

Robi ndiye aliyeanza kucheka, halafu Salvatori, kicheko cha mtu aliyenusurika kufa, halafu wote, na mzee Nyangwine akacheka huku anajifuta macho, na hakuna aliyemuuliza yale machozi ni ya kipi.

Tundu lilizibwa jioni ile ile kabla mbuzi hajaiva. Mzee mwenyewe alikata vipande vya minyaa, Nestory akiwa na rundo magotini anavitoa kimoja kimoja, Kisyeri na Salvatori wakichimba, koti jeupe limekuwa rangi ya udongo. Bibi alikaa pembeni na mkongojo, akimwelekeza Salvatori kwa kumchoma nao mbavuni kila akikosea.

Wakiwa hapo simu ya mzee ikalia. Akaiweka kwenye spika, mikono imejaa utomvu. Alikuwa Nchagwa, kutoka Machochwe, anapayuka.

"Kaka! Huku tumeambiwa mmevamiwa! Wezi watatu, mmoja daktari! Ni kweli?"

"Imefika mpaka huko?" Kisyeri akaruka juu na jembe. "Imefika Machochwe!"

"Hakuna mwizi," mzee akasema. "Ni mambo ya shule."

"Ya shule? Haya, afadhali. Na yule kijana? Jumatatu nimngojee?"

Mzee Nyangwine akakanyagia udongo kwenye shina la minyaa, akalitikisa kuona kama limeshika. Lilishika.

"Tafuta mtu mwingine," akasema. "Huyu anakwenda Mwanza. Anasomea uzio."

"Anasomea nini?"

"Uzio, Nchagwa, uzio! Kaa chini nikueleze. Wewe una lango, siyo? Na ng'ombe unao. Sasa sikiliza..."